Taa za Sista Ragna

Kihesa, Iringa,
19 Machi, 1957.

Kwako kaka yangu mpendwa Jailos,

Kamwene, kaka. Barua hii ikukute umeketi penye joto, umekula ukashiba, na lile koo ulilosema linakuwasha kwa ukungu wa Mbeya liwe limepona. Huku kwetu Mungu anatusaidia. Bibi hajambo ila goti la kushoto, ambalo humuuma mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua inakaribia kila siku. Baba alikuja kutoka Mufindi mwisho wa mwezi uliopita, akaleta majani ya chai na kikohozi, akakaa siku mbili, akarudi na kikohozi chake. Mbuzi mwenye baka amezaa mapacha, na mmoja wao anapenda kulala ndani ya kapu la nyuzi za sufu, ukimtoa anarudi. Majirani wote wanakusalimu, hasa Bi Mwanakhamisi, ambaye anasema ukikawia tena kuja kutusalimu atakuozesha kwa barua.

Mimi pia sijambo, lakini wa mwili tu.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilifika Jumamosi. Nilimsomea Bibi mara moja, kisha nikajisomea mwenyewe mara tatu nyuma ya ghala. Umesema Mzee Halfani, mwenye hiyo ofisi ya safari unayofanyia ukarani, anataka neno la mwisho kabla ya tarehe mosi Aprili, ili aandikie Dar es Salaam Bibi apate kitanda katika meli ya mapema Mei. Tafadhali, kaka, usimpe neno hilo kabla hujaisoma barua hii mpaka chini. Na usiisomee ofisini mbele za watu. Itakuwa ndefu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba mdomo nimepewa wa kulia ugali tu, maneno yangu yote yamekaa vidoleni. Ndivyo nilivyo hata sasa. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua kabisa, masikio yanapata moto na jibu linarudi tumboni.

Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu uliondoka kwenda Mbeya kabla ya mengi kutokea, na nataka uyaone yalivyofuatana.

Unamkumbuka Sista Ragna, mikono yake mirefu na baiskeli yake isiyo na kengele. Unakumbuka kwamba yeye na Bibi walizalisha pamoja pale zahanati ya misheni miaka kumi na minane. Lakini wewe ni mwanamume, hukuwahi kukaribia kile chumba cha ndani, basi hujui walivyofanya kazi. Mimi nilikuwa nikipeleka maji ya moto mpaka mlangoni, nikasikia. Mama akishikwa na uchungu mkali, Bibi alikaa nyuma yake akamshika mgongo, na Sista alikaa mbele akaanza kumsimulia habari za kwao Norwei, juu kabisa ya ramani, ambako wakati wa baridi kali mbingu huwaka taa zisizowashwa na mtu. Alisema zinaanza kama moshi mweupe, halafu zinageuka kijani, kijani cha mahindi machanga, zinakunjuka na kukunjana kama shuka linalokung'utwa na watu wawili. Alisimulia taratibu. Uchungu ukipanda alinyamaza, ukishuka aliendelea, hata yule mama akawa anangoja kusikia shuka limefika wapi. Wengine walimtukana kwa Kihehe katikati ya maumivu, wakamwambia aende zake na uongo wake wa mbingu ya kijani. Hapo Bibi ndipo alipoingia kwa ukali, akisema si uongo, tulia mwanangu, mimi najua. Nao walimwamini Bibi kuliko Sista, maana Bibi ni mtu wa hapa. Ndiyo sababu katika vijiji vya kwetu utakuta akina Nuru wengi kuliko akina Maria.

Sista alipostaafu akarudi kwao, mwaka hamsini na tano, Bibi alibaki na kazi na akabaki na hadithi. Akawa anaisimulia yeye. Mwanzoni alikuwa akisema Sista aliniambia. Baadaye, kwa kuwa uchungu wa mtu haungoji maelezo, akawa anasema niliona. Aliniambia mwenyewe mwaka jana tukichambua maharage, kwamba jambo hilo limemkaa moyoni kama mfupa wa samaki. Amewaapia wanawake wasiohesabika kitu ambacho macho yake hayajakiona, nao wamekishika kama mtu anayevuka mto anavyoshika kamba. Alisema Mungu anaelewa, lakini angependa kabla hajafa lisiwe uongo.

Basi Novemba ikaja barua yenye stempu ya Norwei. Sista Ragna anajua Kiswahili kuliko mimi, ila macho yake yanaharibika, hawezi tena kuandika. Aliyemwandikia ni binti ya dada yake, ambaye hajui Kiswahili, akatumia Kiingereza, na kwa nyumba yetu Kiingereza ni mimi. Barua ilisema Wakristo wa usharika wao wamejitolea kumlipia Bibi safari, kwenda na kurudi. Ilisema daktari amemwambia Sista kwamba macho yake yanazima polepole kutoka pembeni kuja katikati, huenda baada ya mwaka mmoja na nusu asione kitu. Ilisema pia kwamba wataalamu wanaochunguza jua wanaeleza kwamba mwaka huu na ujao jua limechafuka kupita kawaida, na likichafuka zile taa zinaongezeka. Kwa hiyo alimwomba Bibi aende majira ya baridi, wasimame wawili nje ya nyumba yake, wazitazame pamoja wakati yeye bado ana cha kutazamia. Bibi hakulia, unamjua. Aliniambia nisome tena pale pa kusimama wawili.

Tangu siku hiyo nyumba yetu imekuwa ofisi ya safari kuliko hiyo yenu. Mchungaji Sedekia alitangaza kanisani, na Jumatano iliyofuata akina mama wa usharika walijaa uani. Bi Mwanakhamisi akavuka njia na kiti chake, akasema yeye ni Mwislamu lakini baridi haina dini. Mchungaji akauliza tupange safari mwezi gani, maana barua inasema majira ya baridi tu. Bibi akaniita kutoka jikoni, akasema aulizwe huyu aliyesoma.

Kaka, nilitoka na mikono ina unga. Watu kama thelathini wananitazama. Na jibu lilikuwa rahisi mno, hata mtoto anayetambaa hapa Iringa analijua: baridi ni Juni na Julai. Juni ndipo maji ya ndoo yanauma meno. Juni ndipo kule Mufindi majani ya chai yanaungua kwa baridi. Sista mwenyewe kila Juni alitucheka tulivyojifunga mablanketi, akisema hiki kwao kinaitwa joto. Basi nikajibu. Nikajibu kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, halafu sijui shetani gani alinisukuma nikarudia kwa Kiingereza. Wote wakaitikia kwa pamoja kama wako kanisani. Mchungaji akasema elimu ni taa. Bi Mwanakhamisi akapiga kigelegele, akauliza kumbe huyu binti ana sauti, siku zote hizi alikuwa ameiazima nani? Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kunipenda. Nilirudi jikoni sioni ninapokanyaga. Sijawahi kusikilizwa namna ile tangu nizaliwe. Siku hiyohiyo nikaandika jibu kwamba Bibi atafika Juni.

Matayarisho ungeyapenda. Kila Jumatano akina mama wanakuja kufuma, na kila mmoja analeta uzi alio nao, kwa hiyo sweta la Bibi lina mkono mmoja wa bluu na mwingine wa kahawia, na shingo ya rangi ambayo Bi Mwanakhamisi anaiita mchuzi uliolala. Bibi alikwenda Bomani kwa ajili ya pasipoti, akapigwa picha. Mpiga picha alimwomba atabasamu kidogo. Bibi akamuuliza, je, wewe ukiitwa mbele ya Serikali hutabasamu? Katika picha amekaa kama shahidi wa kesi ya ng'ombe.

Na maswali yake, kaka! Kila tukikaa kula anatafuna na kuuliza. Zile taa zina joto? Zina sauti? Mbwa wa huko huzibwekea, au wamezizoea? Mtu akisimama chini yake, kivuli chake nacho kinakuwa kijani? Mtoto akizaliwa zinawaka, wanampa jina gani? Mimi nikienda shule nabeba maswali hayo kama kibuyu cha maji, nisimwage hata moja, natafuta majibu katika vitabu vya Kiingereza vya kabati la jiografia. Nilisoma kwamba jua hutupa kitu kama vumbi la umeme, na kwa kuwa dunia ina sumaku, vumbi hilo huvutwa kwenye ncha zake mbili, ya juu na ya chini, likagonga hewa, hewa ikawaka. Nilimweleza Bibi jinsi nilivyoweza. Alimaliza kutafuna, akasema kumbe ni vumbi. Akauliza mbona la Iringa haliwaki, na tunalo la kutosha kuuza. Kuhusu sauti nilimwambia wapo wanaosema wamesikia mchakacho kama wa khanga mpya, na wapo wasomi wanaokataa. Bibi akasema hao wasomi walikuwa ndani wamefunga madirisha.

Nakuandikia haya ujue kwamba si mchezo kwake. Nimemjua maisha yangu yote kama mtu wa kujibu. Sasa amekuwa mtu wa kuuliza, na uso wake umekuwa kama wa msichana.

Februari ikaja barua ya pili. Niliisoma uani, akina mama wakifuma. Walisikia kwamba Bibi anakaribishwa Juni kwa mikono miwili, kwamba chumba chake kiko tayari na dirisha lake linatazama bahari, na kwamba Sista amewaomba majirani wamwazime viatu vya manyoya. Walishangilia. Viatu vya manyoya vilizungumzwa mpaka jua likaanza kushuka.

Nirudi kwenye barua yako. Uliandika pale mwishoni, kama mzaha, kwamba Ramadhani ikiwa karibu kuingia, Mzee Halfani amekuuliza swali. Amesikia kwa baharia mmoja kwamba huko juu Bibi anakokwenda kuna miezi jua halizami kabisa, linazunguka tu pembeni kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Akataka kujua mtu akifunga huko atafuturu saa ngapi. Ukasema mlicheka mpaka chai ikamwagika juu ya tikiti. Bibi naye alicheka nilipomsomea, akasema Mzee Halfani aache kumtafutia Mungu matatizo.

Mimi sikucheka. Kaka, Mzee Halfani hajakosea.

Ile barua ya Februari ilikuwa na maneno mengine. Unajua msomaji wa barua za watu jinsi macho yake yanavyotangulia mdomo. Mdomo wangu ulikuwa bado kwenye dirisha la baharini, macho yakawa yamefika chini, nikaona imeandikwa hivi, nakutafsiria: mwambie Bibi kwamba Juni kwetu ni kiangazi, jua halilali, hakuna giza hata dakika moja, na pasipo giza zile taa hazionekani. Kama anakuja kwa ajili ya taa, aje Novemba au Desemba mwaka huu, na asichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu ya macho ya Sista.

Nikaona na mikono ya sweta iko hewani. Nikamwona Mchungaji Sedekia mlangoni amesimama na kofia yake. Nikamwona Bi Mwanakhamisi anasubiri neno la kutania. Na mimi ndiye niliyesema Juni, kwa lugha mbili. Mdomo ukafika pale, ukaruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye viatu vya manyoya. Ilikuwa rahisi kuliko kuruka mfereji. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kujua.

Kesho yake nilijipa matumaini kwamba labda huyo binti amekosea. Niliingia ghalani mchana na taa ya chemli, nikachukua kiazi, nikakichoma sindano ya kufumia kutoka juu mpaka chini, nikakiinamisha kama kitabu kinavyoonyesha, nikakizungusha mbele ya taa. Nikaweka alama ya wino palipo sisi na nyingine juu kabisa palipo Sista. Nikakizungusha mara nyingi. Alama yetu ilikuwa inaingia gizani na kutoka. Alama ya Sista haikutoka kwenye mwanga hata mara moja. Kisha nikakipeleka kiazi upande wa pili wa taa bila kubadili mwinamo wake, nikazungusha tena, na sasa alama yake ndiyo ilibaki gizani, yetu inaendelea vilevile kuingia na kutoka. Kaka, nitakwambia ukweli, kwa dakika chache nilisahau kosa langu kwa uzuri wa jambo lile. Sisi tukijifunika, wao wanavua. Ni kweli kabisa, na kiazi kinaonyesha. Halafu nikakumbuka.

Bado kuna baya zaidi. Ilinibidi kujibu. Yule binti alikuwa ameuliza, Juni au Novemba? Nikaandika kwa jina la Bibi kwamba amesikia yote, na amechagua Juni kwa kuwa anaogopa baridi. Bibi anaogopa baridi! Bibi aliyevuka Mto Ruaha Mdogo wakati wa masika, maji kifuani, kwenda kumzalisha mtu asiyemjua. Nimeweka woga wangu katika kinywa chake na kuutuma ng'ambo ya bahari. Na Sista atakuwa amesomewa maneno hayo, akakubali, akafikiri rafiki yake hataki tena kusimama naye kuzitazama.

Ningependa kukwambia kwamba nilinyamaza kwa kumwonea huruma Bibi, safari isiahirishwe. Si kweli. Nilikiogopa kicheko kile kingine, kisicho cha kunipenda. Kila Jumatano nilisema nitasema Jumatano ijayo, na kila Jumatano sweta lilikuwa limeongezeka vidole vinne. Umesema Mfereji wa Suez bado umezibwa na meli zinazunguka Afrika Kusini, kwa hiyo Bibi na goti lake atakaa baharini wiki tano. Wiki tano, kaka, aende kusimama na Sista Ragna chini ya jua, watazame mbingu ya bluu. Na wakati giza litakaporudi huko, Bibi atakuwa amekwisha rudi Kihesa, na macho ya Sista hayatangoja safari nyingine.

Juu ya hapa utaona mistari mitano niliyoikata kwa wino. Usihangaike kuisoma kwa kuiweka kwenye dirisha, nitakwambia ilisema nini. Nilikuwa nakuomba umwandikie Bibi kwamba meli ya Mei imejaa, na nyingine zote zimejaa mpaka Septemba, ili safari isogee yenyewe bila mtu kujua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuianza barua hii. Sikuanza kwa kutubu.

Sasa ni Jumatano, naendelea. Jana nilipokuwa naandika mistari hiyo mitano, Bibi aliingia na kikombe cha uji. Akauliza Jailos anaandikiwa kitabu? Akakaa kitandani akanyoosha goti, akasema nisome nilipofika, naye aongeze salamu zake. Unajua hapa kwetu barua haitoki bila kusomwa. Nilishika karatasi. Ningeweza kuruka tena, hakika ningeweza, kurasa zote hizo hangejua. Nikaanza na goti lake na mbuzi, na nilipofika kwa Mzee Halfani sauti ikawa nyembamba kama uzi, lakini nikaendelea, nikasoma mstari kwa mstari, na wa kiazi, na wa woga, na hiyo mitano nikaisoma pia kabla sijaikata.

Bibi hakunipiga. Ningependelea anipige. Aliuliza jambo moja tu: Sista ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyekataa? Nikasema ndiyo. Akainuka, akasema macho ya Ragna hayakuwa yangu kuyachezea, akatoka. Uji ulipoa pale pale. Jioni tulikula bila swali hata moja, na mimi sikujua kwamba maswali yake ndiyo yalikuwa chumvi ya nyumba hii.

Leo asubuhi nilimkuta ghalani amekishika kile kiazi, kimeanza kunyauka na sindano bado imo. Akaniamuru niwashe taa. Nikamwonyesha. Alikizungusha mwenyewe, polepole, mara nyingi kuliko mimi. Mwishowe akauliza, hao watu wa jua lisilolala, kuku wao wanaingia bandani saa ngapi? Nikasema sijui. Akasema basi hilo nalo tutaliulizia. Kisha akaniambia kwamba leo ni Jumatano, akina mama wanakuja, na mtu aliyesimama pale akasema Juni ndiye atakayesimama pale.

Nimesimama, kaka. Nilisoma yale niliyoyaruka, kwa lugha zote mbili kama nilivyofanya mwanzo, kisha nikasema kwamba niliyaona siku ileile nikayaacha. Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mama mmoja alishusha sindano zake akanitazama kama ambaye haniamini tena hata nikimwambia saa. Mchungaji aliangalia kofia yake. Bi Mwanakhamisi akapumua, akasema kwa hiyo tumepewa miezi mingine mitano, basi angalau tuufumue huu mkono wa bluu kabla haujatuaibisha Ulaya. Wachache wakatabasamu. Si wote. Nadhani itachukua muda kabla barua ya mtu mwingine haijaletwa kwangu.

Ya Sista hainihusu tena. Bibi ameamua kwamba kuanzia leo anamwandikia kwa Kiswahili. Anasema binti ya dada yake si lazima aelewe, asome herufi tu kama zilivyo kwa sauti, na masikio ya Ragna yatafanya yaliyobaki. Mimi naandika anayoyatamka, halafu Mchungaji anakagua. Barua ya kwanza imetoka leo, na maneno ya juu kabisa ni kwamba siogopi baridi.

Basi neno la kumpa Mzee Halfani, ambalo Bibi amelisema mwenyewe nami naliandika kama alivyolisema, ni hili: meli ya Mei aiache, atafute ya kumfikisha Novemba, Suez ikifunguliwa isifunguliwe. Na mwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba swali lake la futari lilikuwa zuri kuliko majibu ya watu wote wa Iringa. Nilimuuliza Bibi, kwa sauti ndogo, itakuwaje kama hata Novemba itamkuta Sista macho yamekwisha zima. Alikuwa anafumua ule mkono wa bluu, hakuinua kichwa. Alisema watasimama nje vilevile wawili, naye atamshika mgongo na kumsimulia.

Pokea salamu za Bibi, ambaye anasema uvae soksi. Pokea za Baba nilizoachiwa, na za Bi Mwanakhamisi ambazo haziandikiki. Msalimie Mzee Halfani na nyumba yake, tunawatakia Ramadhani njema. Ukipata nafasi niandikie hata mistari miwili, hata ya kunikemea, nitaisoma yote.

Ni mimi mdogo wako,
Esta Timotheo Kalinga.